Barua kwa Salim: kituo cha Makete

Tabata, Dar es Salaam

Ndugu yangu Salim,

Habari za Mbeya, na mama anaendeleaje na mguu? Sisi hapa hatujambo, watoto wazima. Ujumbe wako ulinikuta ndani ya daladala, nikaona jambo hili halijibiki kwa mistari miwili. Unataka kuweka kituo cha hali ya hewa shambani kwa baba mdogo kule Makete, kisha urudi zako, kompyuta ibaki peke yake na wewe uihudumie ukiwa mbali. Nakueleza niliyoyapata kwa kituo changu kama hicho kule Lushoto, mengine yamenigharimu nauli.

Kwanza jua kwamba laini ya simu haikupi anwani yako mwenyewe ya intaneti. Mnachangia moja wateja wengi, hivyo ukibisha hodi kutoka nje hufiki popote. Raspberry Pi yangu, ile kompyuta ndogo ya kituo, ndiyo inayonipigia: ikiwaka tu inaita seva ndogo niliyokodi, yaani kompyuta iliyo mtandaoni muda wote, inaushikilia mlango wazi kwa SSH, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, nami napitia hapo kuingia. Njia ikikatika inaita tena yenyewe.

Sasa sikia kilichonipata. Masika yanaanza, bando linaisha kabla ya mwezi kwisha kwa sababu ya programu zinazojisasisha zenyewe. Usiku mmoja nikaingia, nikaandika kanuni ya kuzuia kila kinachotoka kwenye mashine, nikaihifadhi kabisa. Skrini ikaganda palepale. Nilisahau kwamba hata mlango wangu mimi ni kitu kinachotoka. Kompyuta ilikuwa nzima, inapima na kuandika, ila haifikiki, na hata mtu angeizima na kuiwasha ingesoma kanuni ileile. Ijumaa nikapanda basi: Chalinze, Segera, Korogwe, nikashuka Mombo, nikapata gari la kupanda milima kupitia Soni. Siku nzima njiani kwa kazi ya dakika mbili.

Tangu hapo sigusi chochote cha mtandao kabla ya kuiamuru mashine ijiwashe upya baada ya dakika 10. Halafu ndipo nabadilisha, bila kuhifadhi. Nikifungiwa nje, nasubiri tu, itaamka na kanuni za zamani. Nikiona naingia vizuri kwa dirisha la pili, nafuta ile amri na kuhifadhi. Salim, hili nakuomba ulishike kuliko mengine yote.

Washa pia ile saa ya ulinzi iliyomo ndani ya Pi. Programu inatakiwa kuigusa kila baada ya sekunde chache, ikinyamaza kwa sekunde 15 mashine inajiwasha upya bila kumsubiri mtu. Na nunua kipande cha saa chenye betri ya kidonge. Pi niliyo nayo haina saa inayotembea umeme ukikatika, kwa hiyo ikiamka bila mtandao inadhani bado ni ule wakati ilipozimika, na mvua ya alfajiri inaandikwa kuwa ya jana usiku. Rekodi zote ziweke kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Kwetu 06:00 UTC ni saa tatu asubuhi, ndiyo saa ya kusoma mvua ya saa 24 zilizopita.

Lakini kilichonifundisha zaidi hakikuwa kwenye kompyuta. Aprili niliona unyevu asilimia 99, joto limeshuka hadi nyuzi 15, mvua sifuri. Kesho yake vilevile. Mashine haikutoa onyo lolote, kila kitu kilionekana sawa. Nikampigia mama mwenye shamba kilipo kituo.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu.”

“Mvua vipi huko?”

“Tangu juzi jioni haijapumzika. Majani ya ng'ombe tunakata tumejifunika nailoni.”

Unajua kipima mvua kilivyo: maji yanapita kwenye faneli, yanaangukia vikombe viwili vilivyokaa kama bembea, kimoja kikijaa kinainama na kumwaga. Kila kuinama ni milimita 0.2. Mama alipochungulia akakuta jani la mti wa mgrivea limelala juu ya tundu, maji yametuama juu yake. Nikamwomba asiliguse jani, ainue faneli nzima amwage pembeni, la sivyo maji yote yale yangesomeka kama mvua ya dakika tano. Akafanya hivyo, akaifuta kwa khanga, akairudisha. Baada ya muda nikaona 0.2 ya kwanza kwenye skrini, kisha nyingine.

Siku zile mbili nimeziacha tupu. Sikukubali sifuri ibaki, kwa sababu atakayezisoma miaka ijayo ataamini haikunyesha, wakati mama alikata majani kwenye mvua.

Siku hizi nimempa kipima cha plastiki cha kusoma kwa macho na daftari. Kila saa tatu asubuhi ananitumia namba kwa meseji, nami nalinganisha na ya mashine. Zikiachana sana, najua pa kutazama.

Kwa hiyo kabla hujanunua nguzo wala sola, mwulize baba mdogo kama atakubali kazi hiyo ya kila asubuhi, na kama hapo shambani simu inashika hata kukiwa na ukungu. Nipigie Jumapili uniambie kasemaje. Nisalimie mama na wote nyumbani.

Wako,
Hamisi