Kadi yako ya mchango nimeiona

Mdogo wangu,

Kamwene.

Kadi nimeiona. Katibu wa kamati, mtu nisiyemjua, aliniingiza usiku kwenye kundi la WhatsApp bila hata kuniuliza, na kitu cha kwanza kukutana nacho ni orodha ya ahadi. Jina langu limo, mbele yake kistari. Wewe mwenyewe hukupiga simu. Ningekujibu humo humo, lakini kule mtu akiandika neno tu wanatokea kina shangazi na maua na "amina", neno linazama. Basi nakuandikia hapa kwenye blogu, ambako wasomaji wangu huja kuuliza barabara ya Ruaha ikoje na maua ya Kitulo yanachanua lini. (Desemba hadi Aprili, jamani, nimeshasema.) Leo watanivumilia.

Hongera. Naanza na hilo usije ukasema dada hana jema. Mama mdogo alinipigia analia kwa furaha, akasema binti ana adabu na anakusikiliza sana. Hilo la kukusikiliza lilinichekesha, maana kuongea hujawahi kushindwa.

Ingawa haikuwa hivyo mwanzo. Ulipokuja Kihesa kutoka Makambako ulikuwa huwezi kumtazama mgeni usoni. Aliyekupandisha kiti cha nyuma cha Land Cruiser na daftari mkononi ni mimi. Watu wananiuliza hapa kila mara, dada, mtu anajifunzaje kuongoza watalii? Wanadhani ni chuo. Chuo ulikwenda, ada yako nililipa mimi na sijawahi kukudai, na cheti kina kazi yake. Lakini darasani hawakukufundisha kwamba ukikutana na tembo mwenye mtoto, kabla hujatamka lolote, uangalie gari litatokea wapi. Nani alikuambia uegeshe jua likiwa mgongoni kwa mgeni mwenye kamera? Nani alikuonyesha kwamba tandala mdogo ana mabaka mawili meupe shingoni na mkubwa dume ana ndevu chini ya koo, ili usiwe unabahatisha kwa ukubwa wa umbo? Kule Ruaha wote wawili wapo, ukikosea mgeni mwenye kitabu anakuona. Na alikuona, unakumbuka. Yule wa hondohondo. Tulicheka mpaka getini.

Na nilikuambia jambo moja lililokuwa gumu kwako kuliko yote: zima injini, kisha nyamaza na wewe.

Ulilielewa Isimila, pale penye zana za mawe za kale. Siku ile sitaisahau, nasema kwa uzuri. Tumeshuka bondeni kati ya zile nguzo za mchanga, mlinzi kakubali, ukachuchumaa, ukaokota shoka moja la jiwe, ukaliweka kwenye kiganja cha yule bibi mwenye fimbo. Hukusema kitu. Ukaligeuza polepole kiganjani mwake mpaka kidole gumba kikapata mahali pake pa kukaa, pale pale alipokishika mtu aliyelichonga. Bibi akashusha pumzi. Ndipo ukaanza kuhadithia: mwanafunzi kutoka Afrika Kusini aliyepita hapa mwaka 1951 akaona mawe si mawe tu, wachimbaji waliofika 1957, mifupa ya kiboko wa aina ambayo haipo tena duniani. Nikasema moyoni, huyu ameiva, sasa namwachia wageni wake mwenyewe.

Sasa Kalenga, kwenye makumbusho ya Chifu Mkwawa wetu. Ulijua nitafika tu.

Wale wazee wawili, Wajerumani, wastaafu, wapole. Mama yule alikuwa anatugawia peremende garini kama watoto wake. Mhifadhi wa makumbusho alikuwa nje na kundi la wanafunzi, akatuambia tangulieni, nawafuata. Nikakuachia wewe uanze, mimi nikasimama mlangoni makusudi nikusikie. Nilikuja kujivunia, kama hukujua.

Lugalo, pale Wahehe walipowapiga Wajerumani, uliiruka. Hukumtaja Zelewski, kamanda wao, ambaye wazee wetu walimwita Nyundo, wala tarehe 17 Agosti 1891, wala kwamba aliuawa pale na jeshi lake likasambaratishwa na watu wenye mikuki na ngao. Hukutaja mizinga iliyopigwa Kalenga mwaka 1894, na hapo tulikuwa tumesimama kwenye ardhi ya ngome yenyewe. Hukutaja rupia 5,000 zilizotangazwa kwa atakayeleta kichwa cha Mkwawa. Ukafika kwenye kabati la kioo, fuvu linatutazama wote, ukawaambia kwa ile sauti yako laini kwamba chifu alikuwa mgonjwa, akafariki mwaka 1898, kichwa chake kikapelekwa Ulaya kwa ajili ya sayansi, na baadaye Ulaya wakakirudisha kwa nia njema. Yule mama akasema ni jambo zuri sana. Mumewe akatabasamu. Na wewe ukatabasamu.

Maneno ningekusamehe, kila mwongozaji ana siku ulimi wake unateleza. Lakini kutabasamu mbele ya babu!

Ndiyo, niliingia. Niliwaomba radhi wageni nikaanza upya, kuanzia Lugalo. Nikawaambia Mkwawa aliishi porini miaka minne akiwindwa. Kwamba Mlambalasi, tarehe 19 Julai 1898, alijipiga risasi mwenyewe asije akakamatwa, na sajenti wa Kijerumani aliyemkuta ameshakufa akaamuru kichwa kikatwe. Kwamba nia njema unayoisema iliandikwa kwenye mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ule wa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kifungu cha 246, Ujerumani ikapewa miezi sita kulirudisha fuvu, na miezi sita hiyo ikaisha mwaka 1954! Ndipo Twining, gavana wa Tanganyika, alipolitoa Bremen, kwenye makumbusho yenye mafuvu kibao, akalileta Kalenga kwa mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi, huyo huyo aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu. Hata kwamba wapo wanaouliza kama Twining aliokota fuvu sahihi, niliwaambia. Sikuficha upande wowote.

Wewe ulitoka katikati ya maneno yangu. Nilipomaliza nilikukuta garini, kiti cha mbele, umefunga mkanda na gari limezimwa.

Mzee yule alikuwa amevua kofia. Hakuuliza kitu. Njia nzima mpaka mjini hakuna aliyesema neno, na peremende hazikutoka tena. Bahasha ya mwisho ilikuwa nyembamba kweli, sibishi. Jioni ukaniambia jikoni, Mama akiwa amekaa pale pale anachambua mboga: "Dada, historia yako hailipi kodi ya nyumba."

Nimeshakujibu mara nyingi nikiosha vyombo, leo nakujibu hadharani. Mtu hatoki Ujerumani akaacha Serengeti, akaacha Zanzibar, akaja kutokea Kalenga kwa bahati. Anajua anakuja kuona nini. Amesoma. Amekuja kumsikia mtu wa hapa akilisema kwa kinywa chake, na mtu wa hapa akampa peremende. Novemba 2023 rais wao mwenyewe, Steinmeier, alikwenda Songea akasimama mbele ya vitukuu vya waliouawa wakati wa Maji Maji, akaomba radhi. Rais wa nchi! Siku ile nilishika simu nikupigie, nikakumbuka ulishabadilisha namba. Kama yeye aliweza kusema, wastaafu wawili wangeshindwa kusikia?

Najua jibu lako, maana nimeliona kwenye video yako ile iliyosambaa, umesimama ukingoni mwa Ngorongoro na kofia mpya: "Mgeni yuko likizo, hajaja mahakamani." Watu wamekupigia makofi. Na umenenepa, inakupendeza. Lakini nikuulize, na siulizi kwa kejeli. Hapo Old Moshi, si mbali na barabara unayopita na wageni wa mlimani, ukoo wa Mangi Meli, chifu wa Wachaga wa pale, bado unatafuta kichwa chake. Wajerumani walimnyonga mwaka 1900. Sisi wetu karudi, yuko kwenye kioo tunaweza kwenda kumwona Jumapili. Wao bado wanangoja. Mgeni akikuuliza habari za Mangi Meli, unamwambia nini?

Wasomaji, kama mmefika hapa, sisemi mwongozaji awe anawagombeza wageni. Mtoto mdogo akiwepo unapunguza. Mgonjwa akiwepo unapunguza. Ukiona mtu ameanza kulia unampa maji na kumtoa nje akapate hewa. Kupunguza ni ufundi, na nilimfundisha. Kubadilisha ni kitu kingine.

Haya, turudi kwenye harusi. Nikiwa dada yako mkubwa natakiwa nikupe la kuondoka nalo, na mahali pengine pa kulisemea sina, maana siku ya vikao mtaniweka viti vya nyuma na watu wa mapambo. Usimkatize mkeo mbele ya watu. Akikosea hesabu, akikosea jina la mjomba, akisema Njombe iko Mbeya, mwache amalize, umwambie nyumbani. Najua unasoma hapa unacheka, unasema, tazama nani anasema. Tofauti ipo. Mimi na wewe hatukuwa tunazungumza habari za jina la mjomba. Kama ningekusubiri mpaka nyumbani, wale wazee wangerudi kwao na uongo kutoka kinywani mwa Mhehe, ndani ya Kalenga, na wangewasimulia wajukuu kwamba waliambiwa na mwenyeji. Ungewafuata wapi kuwasahihisha? Mama mwenyewe, ambaye siku zote anakutetea wewe kwa vile wewe ndiye mtoto wa mwisho wa dada zake wote, siku ile aliendelea kuchambua mboga, hakunikemea. Muulize.

Na darubini. Ile ya mkanda wa kijani. Nilikuazima kwa safari ya Tungamalenga, ukaondoka nayo Arusha. Sikutaka kuitaja, lakini kwenye video ilikuwa shingoni mwako. Mpe kondakta wa basi la Iringa, nitaipokea stendi.

Mchango nitautuma kwa mhazini mwisho wa mwezi, hela ya msimu ikiingia. Sare mshonee huyo shangazi anayeipenda, mimi nina kitenge changu. Nitakuja, usiwe na wasiwasi, na nitacheza.

Baada ya harusi mtamleta bibi harusi awaone wazee. Mje masika, ulanzi upo. Mama atataka akae naye jikoni, sawa, lakini siku moja nipeni mimi. Kalenga nitampeleka mwenyewe, nitaanza na Lugalo. Ukitaka utaingia naye. Usipotaka, gari nitaliegesha kivulini.

Dada yako