Mbona huwezi kufuta mauzo kwenye mfumo wetu wa stoo?

Wenye maduka ya spea pale Kirinyaga Road, Nairobi, hutuuliza sana swali hili. Kubatilisha mauzo unaweza, yaani kuyatangua huku rekodi yake ikibaki. Kufuta, hapana, hata uwe ndiye mwenye duka.

Mifumo mingi ya stoo huweka namba moja tu: breki pedi 14. Ukiuza mbili, 14 inafutwa na 12 inaandikwa juu yake. Jioni ukihesabu rafuni ukapata 9, hakuna wa kukueleza tatu zimeenda wapi.

Sisi tunaweka matukio. Zimepokewa 20, zimeuzwa 6, mteja karudisha 1, moja imetolewa kwa kuwa imevunjika. Kila tukio lina saa yake na jina la aliyekuwa kaunta, na likishaandikwa haliguswi. Idadi iliyopo hupatikana kwa kuyapitia tangu mwanzo: 20, 14, 15, 14.

Kazi hiyo tumeiandika kwa mtindo wa funksheni, yaani vipande vidogo vya programu. Funksheni hupokea hali ya stoo pamoja na tukio moja, ikarudisha hali mpya. Haigusi hifadhidata, haiangalii saa, haitumi ujumbe. Ukiipa yaleyale itakujibu yaleyale, leo au mwakani. Ndiyo maana ukitaka stoo ilivyokuwa tarehe 31 Desemba, tunasimamisha hesabu hapo tu. Na ukisema ripoti ina kasoro, tunayarudia matukio yako kwenye kompyuta yetu mpaka tuione ilipoanzia.

Malipo ya M-Pesa yana vituko vyake. Mtandao ukisuasua, taarifa ya malipo yaleyale inaweza kutufikia mara mbili. Kwa bahati nzuri kila muamala una namba yake, kwa hiyo funksheni inayoamua kama tukio liandikwe huitazama namba hiyo kwanza; ikiwa imeshaandikwa, hakuna tukio jipya.

Majina na simu za wateja wako hatuyaweki ndani ya matukio. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zifutwe, basi tunazihifadhi kando, mahali panapofutika.

Kibanda cha mboga hakihitaji haya yote. Daftari linatosha, na tutakwambia hivyo ukitupigia.

Ukikosea, fungua risiti, bonyeza Batilisha, andika sababu. Tafadhali usiandike “makosa” peke yake. Andika “alichagua ya Probox, mteja alitaka ya Noah.”