Utenzi wa Yohane Mbatizaji: mazoezi ya Jumamosi

Wanakwaya wapendwa, Tumsifu Yesu Kristo.

Kwa kuwa tarehe 24 Juni tunaadhimisha Kuzaliwa kwa Yohane Mbatizaji, naomba tuanze mazoezi kwa utenzi wa Kilatini wa Masifu ya Jioni ya siku hiyo, "Ut queant laxis", ambao katika karne ya 11 ulimpatia mmonaki Guido wa Arezzo, huko Italia, majina ya nota tunazoziimba kila wiki. Sikilizeni mianzo ya vifungu vyake sita vya kwanza: ut, re, mi, fa, sol, la. Kila kifungu huanzia ngazi moja juu ya kilichotangulia. "Ut" ilikuja kugeuzwa "do" baadaye.

Utenzi huu ni wa sauti moja na hauna mapigo ya kuhesabu, kwa hiyo soprano na besi wataimba pamoja wakifuata pumzi ya maneno, na kinanda kinyamaze. Maneno yenyewe yananigusa sana: yanamwomba Yohane aondoe hatia ya midomo isiyo safi, ili watumishi wake waweze kuyaimba matendo yake ya ajabu kwa sauti iliyofunguka. Tafadhali yasomeni polepole kabla ya kuja.