Shangazi, nikiacha kazi nadaiwa ushuru wa pesa sijawahi kushika

Shangazi habari. Mimi si mtu wa kulalamika, anayenijua anajua, na usiniambie ni tamaa ya pesa manake mume wangu ameshasema hivyo na mamake pia. Hii si mambo ya pesa. Ni vile mwenye kampuni ninayofanyia kazi alipitisha wageni wake, wale wa kuweka pesa, akawa anaonyesha mmoja mmoja, huyu ni mkuu wa teknolojia, huyu ni wa mauzo (amekuja juzi tu), alipofika kwangu akasema "na huyu hutusaidia hapa". Hutusaidia! Kama mtu anayeonyesha mgeni msichana wa kuleta chai.

Unajua hizi startapu, kampuni changa, vile huanza. Tulikua watu watatu na laptopu mbili. Nani alizunguka Grogan, pale Nairobi kwa mafundi wa magari, gereji kwa gereji akiandikisha mafundi kwa app, fundi anakupa simu imejaa grisi unamjazia jina na aina ya magari anatengeneza, unapanguza kidole kwa sketi unaenda kwa mwingine? Si huyo wa mauzo. Mwaka wa 2024 pesa zikaisha, mwenye kampuni akaniita akasema mshahara wote hauwezi, nichukue nusu benki na nusu iwe hisa, kampuni ikishika tunatoka wote. Tumesoma na yeye chuo, nilikua namwita ndugu yangu. Nikasaini. Na sioni kosa langu hapo, mtu yeyote angesaini, na kodi ya nyumba tulilipa na hiyo nusu bila kusumbua mtu.

Sasa nimepata kazi kwingine, mshahara wa maana, nimeshaamua naenda, hapo hakuna mjadala. Shida ni kwamba nilimwonyesha mhasibu mmoja rafiki ya dadangu yale makaratasi, nikidhani ni kuaga na kubeba changu, akaniuliza kama naijua Sheria ya Fedha ya 2023. Niijulie wapi. Ati startapu ndogo ikikupa hisa badala ya mshahara KRA, wale wa ushuru, haidai hapo hapo, inangoja mpaka kitu kimoja kati ya vitatu kitangulie, miaka mitano iishe kuhesabu kutoka mwisho wa ule mwaka ulipewa, ama uziuze, ama uache kazi. Uache kazi Shangazi! Yaani nikipeleka barua, hizo hisa zinahesabiwa kama mshahara nimelipwa na ushuru unatakiwa ndani ya siku 30. Nikikaa, hadi mwisho wa 2029.

Na si kwa bei ya siku nilipewa, ni ya siku natoka. Mwaka jana waliingiza mwekezaji, na kwa bei aliyonunulia yeye zangu kwa karatasi ni kama milioni nne. Mhasibu akapiga hesabu, zinaangukia kwa asilimia 30, hiyo ni milioni moja na laki mbili. Nitoe wapi? Si hisa za Safaricom hizi utaenda kwa broka uuze, mkataba wenyewe unasema siwezi kuuzia mtu wa nje bila bodi kukubali. Alafu yeye mwenye kampuni, hisa zake za kuanzia hadaiwi kitu mpaka siku atauza, na siku hiyo ni asilimia 15 ya faida basi. Yeye 15, mimi 30. Mhasibu anasema ndio sheria, zake ni mali, zangu ni mshahara. Sawa. Mimi si nilikua nasaidia tu.

Nilimwendea kwa heshima nikamwambia niko karibu kutoka, azinunue angalau nilipe serikali. Akacheka kidogo akasema kampuni inaweza kuzichukua kwa laki sita. Zile zile! Nikamuuliza mbona kwa wageni ni milioni nne, akasema bei ya wawekezaji ni ya wawekezaji. Na kinachoniuma zaidi mhasibu anasema hapo hajadanganya sana, hisa za mwekezaji mara nyingi ndizo hulipwa kwanza kampuni ikiuzwa na zetu za kawaida zinasubiri makombo, kwa hivyo bei ya zangu huenda si hiyo milioni nne. Sasa ni ngapi? Ati bei ya soko isipopatikana Kamishna wa KRA anaangalia hesabu za mwisho za kampuni. Hizo hesabu mimi sijawahi kuonyeshwa. Akaniuliza tena kama mauzo ya mwaka yalikua hayazidi milioni 100 na kama kampuni ilikua haijapitisha miaka mitano wakati napewa, manake kama ilipitisha basi hiyo nafuu ya kungojewa hatukua nayo. Nitajuaje na mimi ni wa kusaidia?

Mume wangu anasema chukua laki sita uende, karatasi hailiwi. Anaongea rahisi. Nichukue laki sita alafu KRA ikija iseme bei ya haki ilikua milioni nne, niuze gari?

Na kuna kitu sijamwambia. Usiku nikikosa usingizi nafikiria nikae tu, hadi hiyo 2029. Si kwa pesa, nimeshakwambia. Nataka siku wanauza hiyo kampuni niwe kwa hicho kikao, asimame aseme jina langu na kazi niliyofanya, wote wakisikia. Hiyo ni akili ama nimeanza kuchanganyikiwa? Manake huku kwingine wanataka jibu Ijumaa na ni mshahara mzima, si nusu.

Mhasibu ameniambia nisipeleke barua yoyote kabla sijaitisha kwa maandishi hesabu za kampuni na bei waliyoandika ya hisa zetu. Nimeandika hiyo email, iko tu kwa simu sijatuma, nikituma atajua nimetafuta mtu wa kunisomea makaratasi. Ungekua wewe ungetuma? Usiniambie niketi naye tuongee kama watu waliosoma pamoja, tumeongea. Na ukichapisha hii toa hapo kwa Grogan, mafundi wote pale wananijua.