Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mji Uliorukwa na Reli

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana,

Poleni na shughuli za mwaka mzima, na asanteni kwa kufika. Hesabu atazisoma mweka hazina, na majina ya walioingia anayo katibu, kwa hiyo sitarudia kazi zao. Itoshe kusema kwamba mfuko wa misiba umefanya kazi yake bila kukopa, darasa la Kiswahili la watoto linaendelea, na timu ya mpira imevunjika tena. Mwenye nguvu za kuipatanisha ajitokeze, mimi nimenyoosha mikono.

Kilichoisumbua kamati zaidi ni wanachama wanaohama. Mtu akipata kazi mji wa mbali kama Dallas au Des Moines, anaaga kwenye kundi la simu, tunampa hongera na dua, na baada ya miezi kadhaa jina lake linafutwa kwa sababu hajalipa ada. Tumekuwa tukiwafuta watu walioanzisha chama hiki. Leo tutapiga kura juu ya pendekezo la kubadili utaratibu huo, na kwa kuwa pendekezo lenyewe lilizaliwa kwenye ziara yetu ya Nicodemus, mji mdogo ulioanzishwa na watu weusi waliotoka utumwani, mwezi Julai, naomba mnivumilie nieleze kidogo habari za mji ule. Wengi hamkwenda, na waliokwenda wengine walilala ndani ya basi.

Nicodemus iko kaskazini-magharibi mwa jimbo letu la Kansas, katika kaunti ya Graham, kando ya barabara kuu namba 24. Kutoka hapa Wichita ni mwendo wa saa nne hivi, na kipande cha mwisho huoni kitu ila ngano, mtama na anga. Mji uliasisiwa mwaka 1877 na kampuni ya watu saba: sita weusi, akiwemo rais wake W. H. Smith, na mzungu mmoja, W. R. Hill. Vita vya kukomesha utumwa Marekani vilikuwa vimekwisha miaka 12 tu kabla. Vipeperushi vilisambazwa katika jimbo la Kentucky vikiwaita watu waje kwenye ardhi yao wenyewe, na Septemba mwaka huohuo zaidi ya watu 300 wakapanda gari moshi hadi kituo cha Ellis, kisha wakashika njia ya kaskazini kwa miguu na mikokoteni.

Walichokikuta sicho walichosomewa. Mbuga ile haina miti ya kujengea, kwa hiyo watu walichimba mashimo kwenye kingo za vilima, wakaezeka kwa matawi na udongo, wakaishi humo. Kuni zilikuwa mabua ya alizeti na mavi makavu ya nyati. Wapo waliogeuza mara moja kurudi Kentucky. Majira ya kuchipua ya 1878 likaja kundi jingine, na ndani yake mama mmoja, Willianna Hickman. Surua iliwaua watoto kadhaa wa msafara wao pale Ellis. Walipokaribia, wanaume wakaanza kushangilia kwamba Nicodemus ndiyo ile. Yeye akatazama, hakuona nyumba. Mumewe akamwonyesha moshi unaotoka ardhini hapa na pale. Amesimulia mwenyewe kwamba alianza kulia.

Habari hiyo tulipoisoma, mama mmoja wetu aliyewahi kuishi Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Kigoma, alikaa kimya kidogo, halafu akasema, "Huyu namjua." Kisha akauliza kama watoto waliobaki walipona.

Walipona wengi, na mji ukasimama. Ardhi ya kwanza ililimwa kwa majembe ya mkono kwa sababu wanyama wa kukokota plau walikuwa haba. Katikati ya miaka ya 1880 palikuwa na makanisa, shule, hoteli, maduka, benki, na magazeti mawili. Edward McCabe, aliyefika hapo 1878, alichaguliwa 1882 kuwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo la Kansas. (Mweka hazina, usitishike.)

Kilichokosekana ni reli. Enzi hizo mkulima wa mbugani aliuza nafaka yake pale tu gari moshi liliposimama. Mkokoteni wa ngano unaochukua siku nzima au mbili kufika stesheni unakula faida yote njiani. Ndiyo maana mwaka 1887 wapigakura wa Nicodemus waliidhinisha hati za mkopo za dola 16,000 kuivuta kampuni ya reli ya Missouri Pacific. Haikuja. Mwaka uliofuata kampuni nyingine, Union Pacific, ikatandaza reli yake kusini mwa mto Solomon, maili chache tu kutoka mjini, na pale ng'ambo ukaota mji mpya wa Bogue. Wafanyabiashara wakavuka mto kuifuata stesheni.

Ndani ya basi mzee wetu wa Kigoma alisema kwao jambo hili si geni. Ujiji ilikuwa mji mkubwa wa ziwa tangu zama za misafara, lakini reli ya kati ilipofika mwaka 1914 iliishia Kigoma, na biashara ikahamia huko. Tulibishana naye hadi mji wa Salina, njiani, kama Ujiji imekufa au la. Mimi nasema haijafa, na Nicodemus pia haijafa, ingawa posta yake ilifungwa 1953 na wakazi wa kudumu waliobaki ni wachache mno.

Kila mwaka, mwishoni mwa Julai, wajukuu na vitukuu wa waasisi hurudi kutoka majimbo mengi kwa sherehe iliyoanza kama ukumbusho wa tarehe 1 Agosti 1834, siku utumwa ulipofutwa katika visiwa vya Karibi vilivyotawaliwa na Uingereza. Siku zile mbili tatu kijiji kinajaa. Kwa maoni yangu, ni watu hawa wanaorudi ndio walioufanya mji usifutike. Mwaka 1996 serikali ya Marekani iliutangaza kuwa eneo la kihistoria la taifa, na ukumbi wa mawe uliojengwa 1939 ndio unaopokea wageni sasa. Lakini tangazo hilo lilikuta watu wanaojuana, wenye picha za zamani na wanaokumbuka nani alizikwa wapi.

Sasa pendekezo. Mwanachama anayehama abaki mwanachama kamili, alipe nusu ya ada, na haki yake kwenye mfuko wa misiba iendelee. Chama kiwe na wikiendi moja ya kudumu kila mwaka ya kukutana hapa Wichita, isiyohamishwa kwa sababu ya ukumbi wala hali ya hewa. Katibu amependekeza mwezi Juni, shule zikiwa zimefungwa. Najua wapo wanaoona nusu ada ni kuwabeba watu wasiokuja kupika wala kuosha vyombo. Hoja hiyo ina uzito, na nimeomba isemwe wazi kabla ya kura, si kwenye maegesho baadaye.

Namkaribisha mweka hazina asome hesabu.