Nyumba ya Njombe itazame kaskazini

Mwanangu mpendwa,

Kamwene. Ramani ya nyumba yako nimeipokea na nimeisoma kwa makini. Kabla fundi hajachimba msingi, nakuomba uigeuze, ili sebule uliyoielekeza kusini, pamoja na madirisha yake makubwa, ihamie upande wa kaskazini.

Kuelekeza vioo kusini ni sahihi kwa watu wa Ujerumani, ambao jua lao la majira ya baridi hupita upande huo. Sisi tuko kusini mwa ikweta, na baridi yetu kali huja Juni na Julai, wakati jua limeelemea kaskazini, likiwa kwenye kimo cha nyuzi 57 hivi saa sita mchana. Ifikapo Desemba, jua la adhuhuri huwa limeshavuka kwenda kusini, na madirisha ya kaskazini hubaki kivulini bila wewe kugharamia chochote.

Upenu nao uupime vizuri. Adhuhuri ya Juni, upenu wa sentimita 60 hutupa ukutani kivuli cha zaidi ya sentimita 90, kiasi cha kulifunika karibu dirisha zima la mita 1 lililo chini yake, na sebule ikashinda na baridi huku nje jua linawaka. Upande huo sentimita 30 zinatosha.

Pale jua linapofika ndani, sakafu iwe ya saruji au vigae vya rangi iliyokolea, wala usiifunike kwa zulia, kwa sababu ndiyo itakayopokea joto mchana na kulirudisha polepole usiku. Joto hilo hupanda, na bati tupu halilizuii hata kidogo. Kwa hiyo fedha zikipungua, acha urembo wa baraza, usiache dari.

Nyumba hiyo haitaifuta baridi ya Julai, lakini itaipunguza, nami nasisitiza kwa ajili ya wajukuu wangu. Wako wazazi wanaoingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga madirisha na kulala, ilhali kaboni monoksidi haina harufu na huua watu usingizini. Jiko hilo sitaki kabisa liingie katika chumba cha watoto.

Mwambie fundi asipige vigingi wala kuvuta kamba mpaka nifike. Nitakuja na dira.

Mimi mama yako.