Darasa Hufunguliwa au Hufungwa Siku ya Usajili

Kwa wasajili, wapanga ratiba na wahadhiri wa vyuo,

Wanangu na wadogo zangu, nawasalimu kwa heshima. Nimestaafu sasa, lakini sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi niliimaliza katika ofisi ya ratiba, nikigawa vyumba na saa, na kwa muda mrefu niliamini kwamba masuala ya wanafunzi wenye ulemavu yana wenyewe: mhandisi wa majengo, mshauri wa wanafunzi, au mhadhiri mwenye huruma. Nawaandikia kwa sababu nilikosea, na kosa lenyewe nililiona kwa macho yangu.

Muhula mmoja nilipanga kozi ya takwimu katika chumba cha ghorofa ya tatu, kwenye jengo lisilo na lifti. Chumba kilikuwa wazi saa ile na viti vilitosha, nikaandika na kuendelea na kazi nyingine. Juma la pili nilipita kwenye ngazi za jengo lile nikakutana na vijana wanne wamembeba mwenzao pamoja na kiti chake cha magurudumu, wawili mbele na wawili nyuma, wakihesabu vipandio kwa sauti ili wasipishane hatua. Kiatu chake kimoja kilikuwa kimemchomoka na kubaki chini. Aliyebebwa hakuwatazama wenzake wala hakunitazama mimi. Alikuwa amekamata mkono wa kiti kwa nguvu, uso ameuelekeza ukutani. Siku chache baadaye fomu yake ya kuacha kozi ilifika mezani kwangu, na penye nafasi ya sababu aliandika maneno mawili: "Sababu binafsi." Nikaigonga muhuri.

Kumbukumbu za chuo zinasema hadi leo kwamba kijana yule alibadili kozi kwa hiari yake, ilhali aliongozwa na ngazi badala ya kipaji chake. Hili ndilo ninalotaka mlishike: orodha ya usajili haiwaambii mwanafunzi alitaka kusoma nini, inawaambia alibakiwa na nini baada ya majengo yenu, saa zenu na mifumo yenu kumkatia njia. Mkiambiwa kwamba idara fulani haina mwanafunzi mwenye ulemavu na kwa hiyo haina haja ya kurekebisha vyumba vyake, ulizeni kwanza kama mwanafunzi wa namna hiyo angeweza hata kuufikia mlango.

Wala msidhani mnaombwa hisani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuanza kutumika mwaka 2008, unaitaja elimu ya juu waziwazi katika ibara ya 24, na katika ibara ya 2 unahesabu kwamba kumnyima mtu marekebisho yanayofaa ni ubaguzi. Neno lililotumika ni zito, nami nadhani ni halali yake.

Anzeni na usajili wenyewe. Mwanafunzi asiyeona husikiliza ukurasa kwa kisoma skrini, mstari baada ya mstari, na pale ambapo mtengeneza mfumo hakukipa kitufe jina, yeye husikia "kitufe, kitufe, kitufe" bila kujua kipi kinasajili na kipi kinafuta. Akiwa bado anapapasa, mfumo unamtoa nje kwa kuwa muda umekwisha. Akirudi, anatakiwa kutambua picha ili athibitishe kwamba yeye si mashine. Akifanikiwa kuingia, nafasi za kozi zimejaa. Kaeni naye saa moja tu mbele ya kompyuta kabla ya kuutangaza mfumo kuwa uko tayari.

Kisha wafungulieni wanafunzi wenye ulemavu usajili siku kadhaa kabla ya wenzao, jambo ambalo vyuo vingi duniani vimekwisha kulizoea. Wapo watakaolalamika kwamba ni upendeleo, nanyi waelezeni hali halisi kwa upole. Kukigeuza kitabu cha kiada kuwa breli, yaani maandishi ya nukta yanayosomwa kwa vidole, huchukua majuma, hasa kikiwa na hesabu na michoro. Mkalimani wa lugha ya alama hapatikani kwa kupiga simu asubuhi ya kipindi, na kipindi cha saa mbili kinahitaji wakalimani wawili wa kupokezana, kwa sababu akili ya mmoja huchoka baada ya dakika 20 hivi na makosa huanza kuingia. Mwanafunzi anayesafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa juma hana saa za kuhamishwahamishwa. Jina lake likiingia kwenye kozi siku moja kabla ya kipindi cha kwanza, mjue amesajiliwa kwenye karatasi tu. Kuhusu vitabu, nchi zilizojiunga na Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 zinaruhusu nakala za breli na sauti kutengenezwa kwa ajili ya wasioweza kusoma maandishi ya kawaida bila kumwomba ruhusa mwenye hakimiliki. Maktaba zenu zilizomo katika nchi hizo hazina haja ya kusubiri barua ya mchapishaji.

Mhadhiri apewe taarifa ya kile mwanafunzi anachohitaji, asipewe jina la ugonjwa wake. Hilo halihitaji maelezo marefu.

Kuhusu vyumba, kipimo kinachotumika sana ni kwamba kila sentimita 1 ya kupanda ipewe sentimita 12 za urefu wa mteremko, mlango uache uwazi usiopungua sentimita 80, na ndani iwepo nafasi ya kiti kugeuka, kama sentimita 150 kwa 150. Hata hivyo, chumba kinaweza kutimiza vipimo vyote hivyo na bado kikamtenga mtu. Nimeona vyumba ambavyo kiti cha magurudumu kinaenea mahali pamoja tu, nyuma kabisa, kando ya mlango. Nimeona pia karatasi iliyobandikwa asubuhi, "Kipindi kimehamia jengo la pili," na mwanafunzi asiyeona amesimama mbele ya karatasi hiyo, mkono kwenye kitasa, akishangaa kwa nini wenzake wamechelewa. Mkihamisha kipindi, mpigieni simu kwanza yeye.

Nina ombi moja kwenu kabla hamjatoa ratiba ya muhula ujao. Toeni kabatini fomu za walioacha kozi katika majuma matatu ya kwanza ya muhula uliopita, mtafute zile za wanafunzi wenye ulemavu, na muwaulize mmoja mmoja, kwa faragha, kilichowaondoa. Nina hakika kijana yule angenijibu kama ningemuuliza. Namba yake ya simu ilikuwa imeandikwa juu ya fomu ile, sentimita chache tu kutoka mahali nilipogonga muhuri.

Mzee wenu,
Mstaafu wa ofisi ya ratiba